Machozi Yalimlengalenga

6 Machi

Shangazi yangu,

SHIKAMOO. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili uisikie kutoka huko. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, na tafadhali usinitumie tena dawa kwa posta. Chupa ilivunjika njiani, barua yako ikanatana, nikaisoma nusu. Kama kulikuwa na siri kwenye ukurasa wa pili, imebaki kwenye dawa.

Chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta. Nimeuzoea ukuta huo kiasi kwamba mvua ikinyesha naijua kwa rangi yake kabla sijasikia matone. Kaka hajambo? Mkewe amejifungua, au bado anatembea kama bata? Mwambie nimeuliza kwa heshima zote.

Sasa, Shangazi, kuna jambo.

Kazi yangu mahakamani unaijua. Mtu wa lugha yetu akisema, mimi nasema kwa lugha ya huku. Wao wakisema, namrudishia kwa Kiswahili. Wiki tatu zilizopita nilipewa kesi ya mama mmoja wa makamo ambaye kazi yake ni kulea wazee. Alimlea bibi kizee mmoja miaka sita: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Asubuhi moja bibi akakutwa amekufa. Wanawe wanasema huyu mlezi alimtelekeza, hakumpa dawa zake. Yeye anasema alimpa. Hakuna mtu wa tatu aliyekuwapo, kwa hiyo wakamwita bawabu wa jengo, aliyekuwa wa kwanza kuingia. Naye ni mtu wa lugha yetu.

Bawabu akasema hivi: "Nilipofungua mlango nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameushika mguu wa bibi, machozi yanamlengalenga."

Nikatafsiri kadiri nilivyoweza. Mwendesha mashtaka akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto: "Alikuwa analia, au alikuwa halii?"

Shangazi, swali hilo lilikuwa la bawabu. Kazi yangu ilikuwa kuligeuza na kumkabidhi. Badala yake nilifungua mdomo nikajibu mwenyewe. Nikasema, "Alikuwa halii." Karani akaandika. Bawabu alikuwa bado ananitazama, anangoja aulizwe.

Tangu siku hiyo mwendesha mashtaka amelifanya jibu hilo wimbo. Kila akisimama anasema: mtu ameishi na mgonjwa miaka sita, anamkuta maiti, na macho yake makavu! Na mimi ndiye ninayeinama kumwambia mshtakiwa maneno hayo sikioni. Ananisikiliza. Haniangalii.

Nimetafuta neno kwenye lugha yao. Wana kulia, wana kutolia. Katikati hapo sijaona kitu. Ndiyo maana nakuuliza wewe, uliyefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na kusikia kila aina ya kilio, na ambaye neno hili nililisikia kwako kwanza: mtu ambaye machozi yanamlengalenga, amelia au hajalia? Nijibu upesi. Kesi itarudi katikati ya Juni.

Mwanao,
Chiriku


11 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako imetumia siku ishirini na nane. Ingekuja kwa miguu ingewahi. Usiniambie nipige simu. Simu ya jirani ina masikio ya jirani.

Mke wa kaka yako amejifungua mtoto wa kike, nywele zimesimama kama brashi ya viatu. Mama mzima, mtoto mzima, ila kaka yako alilala siku mbili kwa uchovu, utadhani yeye ndiye aliyezaa. Kazini tumeletewa mashine mpya ya kukamulia nguo. Ikianza kuzunguka inatembea chumba kizima, mpaka tumeifunga kamba kama mbuzi. Mkuu wetu anasema mwakani nistaafu. Nimemwambia aniulize mwakani.

Umeniuliza kuhusu kulia. Haya, chukua. Kuna kuangua kilio: hicho ni kama yai, kikishapasuka hakirudi ndani. Kuna kulia kwa kwikwi, pumzi ikikatikakatika. Huyo mpe maji na umshike mgongo. Kuna kububujikwa, machozi yanakwenda yenyewe huku mtu anaendelea kukunja shuka. Kuna machozi ya mamba, hayo ni ya ndugu waliokuja kuuliza nyumba itabaki kwa nani. Dirisha letu la kufulia linapakana na mlango wanaotolea maiti, kwa hiyo nimeyasikia yote huku nimeshika pasi. Sisi wenyewe tulikuwa hatuulizani nani analia. Kwenye mvuke kila uso una maji.

Hilo lako la kulengalenga sina la kukuambia. Ni neno kama maneno mengine. Muulize mwalimu, walimu ndio wanaolipwa kwa hayo.

Lakini nakukaripia, na ukaripike. Mkalimani ameazimwa mdomo tu. Wewe ulipoulizwa ukatia na moyo wako humo, tena moyo ambao hukuulizwa. Kwa nini? Hukuwa na haraka hiyo ulipokuwa mdogo. Ulikuwa unasema sana, ndiyo, lakini ulikuwa unasema ya kwako.

Bawabu yuko hai? Basi jibu analo yeye. Mrudishie swali lake.

Kula vizuri. Barua yako ilikuwa na mwandiko mwembamba.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kwa habari ya mtoto. Nimemwandikia kaka kadi. Imechorwa tembo mwenye mwavuli, sikupata nyingine. Mimi mzima. Huku kumeanza joto, na watu wa ghorofa ya chini wamefungua madirisha, sasa najua wanagombana kuhusu nini.

Umeniandikia vilio vinne, Shangazi, na kile kimoja nilichokuuliza umekiruka. Umeniambia nimuulize mwalimu. Tangu lini wewe ukamtuma mtu kwa mwalimu? Mimi nilipoingia darasa la kwanza ulikuja shuleni kumsahihisha yule mwalimu wa kuandika mbele ya darasa.

Kisha umeniuliza kwa nini nilijibu kwa haraka. Nimefikiri mwezi mzima kama nikuandikie. Naandika.

Nilijibu kwa haraka kwa sababu sikuwa nafikiri habari za yule mlezi. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Siku niliyoondoka nilikuwa na miaka kumi na tisa. Stesheni ilijaa mama za watu. Yule rafiki yangu niliyekuwa naye behewa moja, mama yake alilia mpaka kilemba kikamvuka. Mimi nilisimama mlangoni nakutazama. Wewe ulikuwa umesimama karibu na nguzo, umeshika mkono kwa mkono, na hukuniangalia. Ulikuwa unatazama saa. Treni ilikaa dakika ishirini nzima na wewe muda wote umeinua kichwa unatazama saa ya stesheni. Halafu ukasema, "Haya, panda, mlango utafungwa." Basi. Nikasafiri siku mbili nikijiambia: amelea mtoto wa kaka yake miaka kumi na mbili, sasa anahesabu dakika apumzike. Ana haki.

Sikukulaumu. Ila ndiyo sababu nilipomaliza masomo nilisema nitarudi mwakani, na mwakani nikasema mwakani, mpaka imefika miaka kumi na moja. Na wewe katika barua zako zote hujawahi kuniuliza narudi lini.

Kwa hiyo mwendesha mashtaka alipouliza, "Alikuwa analia au halii," jibu lilikuwa limekaa mdomoni mwangu miaka yote hiyo. Lilitoka.

Nimemwendea mkuu wa wakalimani. Nimemwambia nataka kujisahihisha mbele ya hakimu. Akafunga mlango akaniambia, "Dada, mkalimani akijisahihisha mara moja, watu watauliza amekosea mara ngapi. Watafukua kesi zako zote. Funga mdomo." Nimefunga. Sijui kwa muda gani.

Chiriku


27 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Wiki saba sasa; najua posta hula karibu nane, ila subira imeniisha. Nimemuuliza mtu wa posta mpaka akiniona anaanza kutikisa kichwa akiwa bado ng'ambo ya barabara. Kama nilikukosea kwa niliyoyaandika, niambie nimekukosea. Kama unaumwa, mwambie kaka aandike hata mstari mmoja. Ukinyamaza najaza mwenyewe, na unajua nikijaza mwenyewe najaza vibaya.

Nakuandikia kwa sababu kesi imerudi, na sina mwingine wa kumweleza kwa lugha hii.

Siku hiyo nilivaa koti langu la kijivu. Mwendesha mashtaka alisimama akaanza tena na macho makavu. Nikainama kwa mlezi kumtafsiria, na neno halikutoka. Akageuka akaniangalia, mara ya kwanza tangu kesi ianze. Akaninong'oneza, "Amesema nini?" Badala ya kumjibu nikasimama.

Nikasema, "Mheshimiwa, kuna jibu kwenye kumbukumbu ambalo si la shahidi. Ni langu."

Hakimu ni mama mtu mzima, huvua miwani akitaka kusikia. Akavua. "Endelea."

Nikaeleza. Nilisema swali halikumfikia shahidi, nilimjibia. Mkuu wangu alikuwa ameketi nyuma, na sikugeuka kumtazama. Hakimu akaniuliza kama najua uzito wa ninachosema. Nikasema najua. Akaagiza bawabu arudishwe baada ya siku mbili, na aletwe mkalimani mwingine. Mimi nikaambiwa nikae kwenye benchi la watu.

Shangazi, nilikuwa sijawahi kukisikia Kiswahili mle ndani bila kuwa na kazi ya kukigeuza. Nilikaa nimeshika mikono yangu ili isitembee.

Mkalimani mpya ni mzee mwangalifu. Alipofika kwenye lile neno alisimama, akamwambia hakimu, "Naomba shahidi mwenyewe alieleze." Bawabu akaomba glasi ya maji na jagi. Akamimina taratibu mpaka maji yakafika mdomoni mwa glasi, akaongeza kidogo, yakavimba juu ya ukingo. Hayakumwagika.

"Alikuwa hivyo," akasema.

Mwendesha mashtaka akauliza, "Kwa hiyo hayakumwagika. Kwa nini hayakumwagika, kama kweli alikuwa na uchungu?"

Bawabu akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana umajimaji. "Bibi alikuwa hajafunikwa, bwana," akasema. "Huyu angeanza kulia, nani angemfunika? Mimi nilikuwa naogopa hata kusogea. Yeye ndiye aliyeinuka akamfunga kidevu, akamnyoosha miguu, akamvuta shuka. Alipomaliza ndipo akaniambia, nipigie simu wanawe."

Binti wa marehemu alikuwa ameketi mbele. Amekuja kila siku tangu kesi ianze, na kila siku amemkazia mlezi macho. Nilimwona akiinamisha kichwa.

Hukumu itatolewa Septemba. Mimi nimepewa likizo kidogo nipumzike. Usiwe na wasiwasi nami, napata nafasi ya kufua mapazia.

Tafadhali andika.

Chiriku


3 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na tena marahaba. Siumwi. Mtoto wa kaka yako ameanza kucheka, anacheka na kila mtu hata na mwenye duka, tabia hiyo sijui kaitoa wapi. Mashine imekata kamba mara mbili. Haya, habari zimekwisha.

Usimlaumu mtu wa posta. Barua ya Mei niliipata. Nimeandika majibu matatu, nikayachana yote matatu. La kwanza lilikuwa na hasira, la pili lilikuwa na uongo, la tatu lilikuwa na maneno ya dini ambayo si yangu. Kisha ikaja ya Juni, na yule bawabu wako. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa. Mtu huyo nampa heshima yangu. Alisema kwa glasi moja nilichokukatalia mimi kwa kurasa mbili.

Basi nikuambie habari za saa.

Saa ile ilikuwa imekufa, Chiriku. Hukuiona? Mishale ilikuwa imesimama kwenye saa tisa na robo tangu mwaka uliotangulia. Watu wa stesheni walikuwa wanasema fundi anakuja. Nani anatazama saa iliyokufa dakika ishirini? Niliinua kichwa kwa sababu nikikiinamisha tu yangedondoka. Yalikuwa yananilenga tangu asubuhi, tangu nilipokufungia lile sanduku na kufuli likagoma. Mtu hulengwa kwa jiwe akakimbia. Haya yanakulenga kutoka ndani, utakimbilia wapi? Unakaza shingo, hupepesi, unatafuta kitu cha juu cha kutazama. Mimi nilipata saa.

Na nilikuona. Unasema sikukuangalia, nilikuona kwa pembeni. Ulikuwa umesimama mlangoni mwa behewa, umeshika ule mpini wa chuma kwa mkono wako wa kushoto mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mtu anayetaka kwenda hashiki mpini hivyo. Nilijua: nikilia, huyu anateremka. Atateremka, atanishika, tutarudi nyumbani kwa furaha, na mwaka unaofuata atakuwa amesimama mbele ya beseni la wanga pamoja nami, mikono imechubuka, na ile barua ya kukubaliwa shule imekunjwa kwenye kabati. Ulikuwa hujaondoka bado. Kazi yangu ilikuwa haijaisha. Bibi wa watu alikuwa hajafunikwa, ndivyo alivyosema bawabu. Basi na mimi.

Treni ilipokata kona nikasema, haya, sasa. Nikainamisha kichwa. Hayakuja. Nilisimama pale mpaka mfagiaji akaniomba nisogee afagie. Nikaenda kazini nikapiga pasi mashuka ya wodi mbili. Nikadhani yatakuja jioni, yatakuja Jumapili. Mwanangu, anayelia huambiwa nyamaza. Watu humzunguka, humpa maji, naye hunyamaza, hula. Aliyelengwa na machozi nani atamwambia anyamaze, na hakuna aliyemsikia? Ndiyo tofauti uliyoniuliza. Si kulia, na si kutolia. Ni kulia ambako hakujapata ruhusa.

Hilo ndilo jibu langu, na limechelewa. Ningekujibu Aprili usingehitaji kusimama peke yako mbele ya hakimu. Nisamehe kwa hilo.

Jingine. Umeniambia umepewa likizo. Likizo gani inatolewa katikati ya kesi, kwa mtu aliyemwaibisha mkuu wake? Mimi ni dobi. Doa nalijua hata lililofuliwa. Niambie ukweli.

Shangazi yako


15 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi, sikufika chumbani. Jirani wa chini alipita na mfuko wa viazi, akanikuta nimekaa ghorofa ya pili nalia kwa kwikwi, akaniletea maji na akanishika mgongo, kama vile naye umemwandikia.

Mimi ningeteremka. Umesema kweli. Ningeteremka kabla hujamaliza kufuta chozi la kwanza. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Miaka kumi na moja nilikuwa nakasirikia shingo yako.

Hukumu imetoka jana. Mlezi ameachiwa. Usidhani ni kwa sababu ya glasi ya maji. Ni ripoti ya daktari, ilionyesha dawa zilikuwemo mwilini mwa bibi na kwamba moyo ulisimama wenyewe. Ila hakimu alipokuwa anasoma alisema kwamba mahakama imeondoa jibu lililotolewa na asiye shahidi. Nilikuwa nyuma nikasikia. Binti wa marehemu alimfuata mlezi mpaka kwenye ukumbi. Hawakukumbatiana. Alimuuliza kitu kifupi, mlezi akamjibu, wakasimama pamoja kidogo, halafu wakaachana.

Mimi nilikuwa karibu na mlango. Mlezi alinipita, kisha akarudi hatua tatu.

"Ni wewe uliyesema nilikuwa silii?"

"Ni mimi, mama."

"Na ni wewe uliyesimama?"

"Ni mimi."

Kisha akasema, "Haya," akaenda zake na mfuko wake.

Nimeshinda na hiyo "haya" tangu jana. Sijui ni ya kusamehe au ya kuaga. Safari hii sikuitafsiri.

Nawe ulitaka ukweli. Nimefukuzwa kazi. Barua niliipata siku ile ile aliporudishwa bawabu, ina mistari minne. Tangu Julai nafunga mikate kwenye karatasi katika kiwanda cha mikate, saa za asubuhi, na jioni nawafundisha watoto wawili wa daktari mmoja. Daktari huyo ndiye aliyeniambia hospitali yao inahitaji mtu wa kukaa na wagonjwa wa lugha yetu, kuwaeleza na kuwaelezea. Nimehojiwa wiki iliyopita. Nitaanza Desemba. Niliwaambia mwenyewe kilichonifukuzisha kule, kabla hawajakisikia kwa mwingine.

Sikukuficha kwa aibu. Niliogopa utasema ningenyamaza.

Chiriku


20 Oktoba

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mtoto ana meno mawili ya chini. Kaka yako anajenga chumba cha uani, matofali hayajatosha. Nimekubali kustaafu, walinipa keki na saa ya ukutani, mambo ya saa tena, tumecheka.

Nisingesema ungenyamaza. Nilitembea na barua yako ndani ya gauni siku nzima kazini. Mwenzangu wa pasi aliniuliza, "Umepata nini leo?" Nikamwambia binti yangu amefukuzwa kazi. Akanipa pole. Nikamwambia, "Pole ya nini? Hukuelewa."

Sasa sikiliza. Uliniandikia kwamba sijawahi kukuuliza unarudi lini. Ni kweli. Wewe ulidhani sitaki. Mimi nilijiambia kwamba nikiuliza nitakuwa nimemshika gauni mtu aliye njiani. Miaka kumi na moja nimekuwa naandika habari za mashine na za kikohozi, na kila barua nikifika mwisho kuna neno moja linanisubiri pale chini, na kila barua nalipita natia jina langu. Hata kwenye ule ukurasa uliomwagikiwa na dawa, usijisumbue, neno hilo halikuwemo.

Sina ugonjwa. Hakuna aliyekufa. Hakuna jambo ninalotaka ulifanye. Nimelisema neno lenyewe peke yangu chumbani kuona linavyotoka, na limetoka vizuri.

Njoo.

Shangazi yako


19 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika jana saa nne asubuhi. Saa tano nilikuwa hospitali kwa yule bwana atakayekuwa mkuu wangu, bado nina unga wa mikate kwenye nywele. Nilimwambia sitaweza kuanza Desemba, naomba nianze Februari.

Ni mtu mzuri, ana karatasi nyingi mezani. Akashusha kalamu. "Kuna nini?"

"Naenda nyumbani kwa shangazi yangu."

"Anaumwa?"

"Hapana."

"Pole, kuna msiba?"

"Hapana, wote wazima."

"Harusi?"

"Hapana."

Akanitazama, naona anatafuta mahali pa kuandika sababu kwenye fomu yake. "Sasa unaendea nini?"

Nikamwambia, "Ameniita."

Chiriku